Ukilisikia Jina la Kiyoruba, Umeshaambiwa Habari za Nyumba Nzima

Mashabiki wa Adekunle Gold, mwanamuziki wa Nigeria, huku Afrika Mashariki wanamjua kwa nyimbo zake, ila wachache wanajua kwamba jina lake la nyumbani ni Adekunle Kosoko, na hayo majina mawili ukiyasoma pamoja utatulia kidogo. Adekunle maana yake taji limejaa nyumbani, na ukisikia Ade mwanzoni mwa jina la Myoruba (Wayoruba ni watu wa kusini magharibi mwa Nigeria) mara nyingi unaongea na mtu ambaye ukoo wake una uhusiano na ufalme. Kosoko maana yake hakuna jembe. Jembe gani? La kuchimbia kaburi. Ni jina alilokuwa anapewa mtoto ambaye kabla yake wazazi wameshazika wengine, sasa huyu wanamwambia sikiliza, safari hii ukitaka kuondoka hatuna hata cha kukuchimbia, kwa hiyo kaa. Mfalme mmoja wa Lagos aliitwa Kosoko, alitawala kuanzia 1845 mpaka Waingereza walipoupiga mji kwa mizinga Desemba 1851 wakamtoa, na huyu mwanamuziki anatoka kwenye ukoo huohuo. Taji na kaburi kwenye jina la mtu mmoja, na wala hakuna Myoruba anayeona ajabu.

Nimeanzia hapo kwa sababu siku hizi majina ya Kiyoruba yanatafutwa sana mitandaoni, afrobiti imeyapeleka kila mahali, na mtu akitaka kujua anapewa listi: Ayomide furaha yangu imefika, Oluwaseun asante Mungu, Olufemi Mungu ananipenda, basi, anachagua lenye maana tamu anaondoka nalo. Sina ugomvi na anayependa jina zuri. Ila listi hiyo inamfanya mtu aamini kwamba jina la Kiyoruba ni ombi jema linalobandikwa kwa mtoto, wakati mimi naona mtoto mwenyewe ni sehemu moja tu ya jina, sehemu kubwa ni nyumba aliyozaliwa: nani alikufa karibuni, nani alikuwa safarini, mama alilia miaka mingapi, majirani walikuwa wanasema nini, ukoo unafanya kazi gani, mungu gani alikuwa anaabudiwa uani. Wenyewe wana methali yao, ile la n wo ki a to so omo loruko, nyumba ndiyo inaangaliwa kwanza kabla ya kumpa mtoto jina. Na hata kisarufi majina mengi ni sentensi kamili, yana mtenda na kitendo, kuna mtu amefanya jambo au kuna jambo limetokea, na mtoto anazunguka nayo hiyo sentensi maisha yake yote.

Chukua Abidemi, aliyezaliwa baba hayupo. Abiona, aliyezaliwa njiani. Abiodun, aliyezaliwa wakati wa sikukuu. Bosede, aliyezaliwa siku ya kwanza ya wiki. Hayo sisi tunayaelewa haraka maana tuna akina Chausiku, tuna Juma na Mwanajuma, tuna Sikudhani. Sasa nenda kwenye Abayomi, hili linasema walitaka kunicheka. Nani hao? Jina halitaji, ila mtaa mzima unajua, na kila mama akisimama mlangoni kumwita mwanae aje kula, wale waliokuwa wanasubiri kumcheka wanasikia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, hii ni kazi ileile ya jina la kanga, mwanamke anavaa maneno anapita nayo, aliyekusudiwa ameshapata ujumbe na hakuna aliyemtukana mtu. Tofauti ni kwamba kanga unaweza kubadilisha kesho.

Na Ekundayo, kilio kimegeuka furaha. Remilekun, nibembeleze niache kulia. Majina haya hayamwelezi mtoto kabisa, mtoto hajalia chochote ambacho wengine hawajalia, anayelia hapo ni mama, na mtoto ndiye anayebeba ushahidi kwamba machozi yale yalikuwepo.

Kuna kundi la majina ambalo mzazi hachagui kitu. Wayoruba wanayaita amutorunwa, yaani mtoto amekuja nayo kutoka mbinguni, kazi ya mzazi ni kuangalia tu mtoto ametokaje. Aliyetanguliza miguu ni Ige. Aliyetoka uso ukiangalia chini ni Ajayi. Aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni ni Ojo au Aina. Aliyezaliwa ndani ya mfuko wake haujapasuka ni Oke. Aliyezaliwa na nywele zimesokotana zenyewe ni Dada, awe wa kike awe wa kiume. Halafu mapacha, na hapa Wayoruba wana mengi ya kusema kuliko karibu watu wote duniani kwa sababu wao wanazaa mapacha kwa wingi usio wa kawaida, watafiti waliofanya kazi Igbo-Ora kule jimbo la Oyo karne iliyopita walikuta mapacha takriban 45 kwa kila uzazi 1000. Anayetoka kwanza ni Taiwo, aliyekuja kuuonja ulimwengu, anayefuata ni Kehinde, aliyekuja nyuma. Lakini mkubwa ni Kehinde! Kwa hesabu yao mkubwa ndiye anayetuma, mdogo ndiye anayetumwa, kwa hiyo Kehinde alimwambia mdogo wake tangulia ukaangalie kama dunia inafaa, Taiwo akatoka akalia, Kehinde akasikia akaja. Mtoto anayezaliwa baada yao ni Idowu, na watu wanamtegemea awe mkaidi hata kabla hajatambaa, wa baada yake ni Alaba.

Hili halitakuwa geni kwa Msukuma, ana Kulwa na Doto wake, ana Shija anayefuata mapacha, na aliyetanguliza miguu ana jina lake, Kashindye. Muganda naye ana Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, halafu Kizza anayewafuata. Siwezi kusema watu hawa waliambiana, sidhani, ila naona wazi kwamba mahali ambapo kuzaa ni hatari, namna mtoto alivyotoka inakuwa habari kubwa ya kutosha kuitwa jina, na mapacha walikuwa hatari mara mbili. Ndio maana Wayoruba wanachonga vile vinyago vidogo vya ibeji, pacha mmoja akifariki kinachongwa kinyago, kinaogeshwa, kinavishwa, kinalishwa pamoja na mwenzake aliye hai. Vimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya sasa hivi, watu wanapita wanasema sanaa nzuri, na kila kimoja ni mtoto aliyekuwa na jina.

Kifo cha watoto ndicho kilichozaa majina mazito kuliko yote, majina ya abiku. Abiku ni mtoto anayezaliwa afe, halafu arudi tumboni mwa mama yuleyule, azaliwe tena, afe tena. Siku hizi madaktari wengi wanaona kwamba nyuma ya nyumba nyingi za abiku kulikuwa na sikoseli, Nigeria ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo, na Tanzania yetu haiko mbali kwenye orodha hiyo, kwa hiyo tusilisome jambo hili kama ushirikina wa watu wa mbali. Mama anazika wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hakuna wa kumwambia kuna nini kwenye damu. Alichobaki nacho ni maneno, na maneno yenyewe yanaingia kwenye jina: Malomo, usiende tena. Banjoko, kaa nami. Durojaiye, subiri uile dunia. Durosinmi, ngoja unizike mimi. Kokumo, hafi tena. Rotimi, kaa pembeni yangu. Usiyasome kama maana za majina, yasome kama mtu anaongea usiku karibu na kitanda cha mtoto mwenye homa, anabembeleza, anatishia, anaomba.

Anayejulikana kuliko wote katika hao ni Abiola, yule aliyeshinda uchaguzi wa Nigeria wa tarehe 12 Juni 1993 na wanajeshi wakaufuta, akafungwa, akafia kizuizini Julai 1998. Watu wanamwita MKO bila kujua K ni nini. Ni Kashimawo, yaani tuendelee kumwangalia tuone. Alikuwa mtoto wa 23 wa baba yake na wa kwanza kupona. Wa kwanza! Baba aliyezika watoto 22 hawezi kumwita wa 23 furaha yangu imefika, hathubutu, alichoweza kusema ni tuone. Halafu angalia herufi nyingine, M ni Moshood, la Kiislamu lililotoka kwenye Kiarabu, O ni Olawale, utajiri umekuja nyumbani, na Abiola yenyewe ni aliyezaliwa kwenye utajiri na heshima. Huyu mtu akaja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa Afrika, na kwenye jina lake hofu ya baba imekaa katikati, dini upande mmoja, matumaini upande mwingine. Sasa mtu akikuletea listi akakwambia Abiola maana yake utajiri, amekwambia robo.

Siku ya nane ndiyo siku ya kumpa mtoto jina. Zamani ilikuwa wa kiume siku ya tisa, wa kike ya saba, mapacha ya nane, baadaye ya nane ikawa ya wote. Vinaletwa vitu vya kuonjwa, asali, chumvi, maji, mawese, kola, orogbo (kola chungu), na kila kimoja kinaombewa kwa kilivyo, asali maisha yawe matamu, maji kwa sababu maji hayana adui, orogbo mtoto aishi azeeke. Kinachonivutia zaidi ni kwamba sio baba peke yake anayetoa jina. Bibi anatoa lake, babu lake, shangazi anaweka hela kwenye sahani anatoa lake, ndugu wa mama nao wana lao, mtoto anatoka hapo na majina sita saba, na kila jina ni maoni ya mtu fulani kuhusu kuzaliwa kwake. Shule itaandika mawili, mengine yanabaki midomoni mwa walioyatoa, ndiyo maana Myoruba anaweza kujua ni nani anamwita kwa jina lililotumika tu kabla hata hajageuka.

Babu akiwa amefariki karibuni na mtoto wa kiume akazaliwa, ni Babatunde, baba amerudi. Bibi akifariki akazaliwa wa kike, ni Yetunde au Iyabo, mama amerudi. Kwa hiyo ukikutana na Yetunde umeshaambiwa kuna msiba ulimtangulia, na kuna uwezekano mkubwa watu wazima pale nyumbani walikuwa wanamheshimu mtoto yule kwa namna ambayo wewe usingeielewa. Wakikuyu wana Kariuki, aliyefufuka, wanajua ninachosema.

Juu ya hayo kuna oriki, jina la sifa, fupi, la kubembeleza, na hapa ndipo jinsia inapoonekana maana majina ya kawaida mengi hayabagui, Temitope anaweza kuwa kaka au dada, Kehinde vilevile, ila oriki ya kike ni ya kike na ya kiume ni ya kiume. Abeke, tuliyemwomba ili tumdekeze. Ajoke, wa kudekezwa na wote. Aduke, wa kugombewa kudekezwa. Kwa wanaume ni Ajani, Alabi, Ayinde, Akanni. Mama akitaka kumtuliza mtoto anayelia, au mke akitaka kumlainisha mume, anaingia kwenye oriki, na mtu mzima mwenye cheo chake analegea. Yule mwanamuziki Asake, mwanaume, ametumia jina la mama yake kama jina la jukwaani, na Asake ni oriki ya kike, kila Myoruba anayesikia anajua pale kuna mwanamke anayetajwa.

Jambo jingine ambalo sisi tutalielewa kwa sababu ya heshima za ukweni: mwanamke aliyeolewa hamwiti kwa jina mtu yeyote wa nyumba ya mume aliyezaliwa kabla yeye hajaingia pale, hata kama ni mtoto wa mwezi mmoja. Anawatungia majina yake mwenyewe, yule mweupe, yule mwenye meno mazuri, na mara nyingi majina hayo ya wake yanadumu mpaka uzeeni. Yeye naye haitwi jina, anaitwa mama wa fulani, Iya Bose, Iya Ibeji kama ana mapacha.

Ukoo nao umo. Ayan ni wapiga ngoma, Ayantunde, Ayanwale. Ode ni wawindaji. Oje ni watu wa vinyago vya mizimu, egungun. Ifa, mungu wa ramli, ni waganguzi, na mara nyingi inafupishwa inakuwa Fa, ndiyo hiyo kwenye Fabunmi, Ifa amenipa. Ogun ni mungu wa chuma, wahunzi, wawindaji na wapiganaji. Ona ni wachongaji na mafundi wa sanaa, na mchoraji aliyefungua njia ya kufundisha sanaa kwenye shule za Nigeria, aliyezaliwa 1882, aliitwa Aina Onabolu, soma sasa mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kitovu shingoni kwenye ukoo wa mafundi. Hujamwona, hujaona picha yake hata moja, na umeshajua alivyozaliwa na kazi ya nyumbani kwao.

Sasa kuna tatizo ambalo linaniuma kweli, na ni la maandishi. Kiyoruba ni lugha ya toni, ya juu, ya kati, ya chini, na toni ikibadilika neno ni jingine. Oko kwa vile tunavyoliandika bila alama linaweza kuwa jembe, linaweza kuwa mume, linaweza kuwa gari, linaweza kuwa mkuki. Kwa hiyo lile jina la Kosoko, ukiliandika kwenye fomu bila alama, mtu asiyejua anaweza kusoma hakuna mume au hakuna gari, na ule uchungu wote wa mama aliyezika watoto unapotea kwa sababu ya kimstari kidogo juu ya herufi ambacho kibodi haina na afisa hana muda nacho. Ajabu ni kwamba ngoma ya dundun inalitaja jina vizuri kuliko pasipoti, kwa sababu ngoma inapanda na kushuka kwa toni, mpiga ngoma anakaa mlangoni anapiga oriki ya mwenye nyumba neno kwa neno na mwenye nyumba anatoka na hela. Ukitaka kuona makaratasi yanavyoweza kulifanya jina, mwangalie Giannis wa kikapu. Wazazi wake Wanigeria, baba Myoruba mwenye jina la Adetokunbo, taji limerudi kutoka ng'ambo ya bahari. Giannis akazaliwa Athens 1994, jina likaandikwa kwa herufi za Kigiriki, na Wagiriki sauti ya D wanaiandika kwa herufi mbili za N na T, halafu alipopata uraia 2013 jina likatolewa kwenye Kigiriki kurudi herufi za Kilatini, likatoka Antetokounmpo. Ulimwengu wote ukajifunza kulitamka hilo. Taji lenyewe, Ade, halionekani tena, ukitazama unaona Ante tu. Na Tokunbo ni jina la mtoto aliyezaliwa ughaibuni akarudi nyumbani (Lagos siku hizi hata gari lililotumika likaletwa kutoka nje wanaliita tokunbo), yaani katika majina yote ya duniani ni hilo ndilo lililokwama safarini.

Kabla ya pasipoti kulikuwa na ubatizo. Ajayi alitekwa kijijini Osogun mwaka 1821 akiwa kijana mdogo, akauzwa, meli ya Wareno iliyombeba ikakamatwa na jeshi la maji la Uingereza 1822, akashushwa Freetown. Mwaka 1825 akabatizwa Samuel Crowther, jina la mchungaji mmoja wa Uingereza. Akaja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana, 1864, na ndiye aliyeongoza kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Ila Ajayi halikufutika, leo watu wanamwita Ajayi Crowther, na Ajayi linaendelea kusema jambo ambalo Samuel haliwezi kusema, kwamba siku moja huko Osogun mwanamke alizaa mtoto uso ukiangalia chini. Mombasa tunaijua stori ya aina hii, Freretown ilianzishwa na CMS, shirika la wamisheni wa Kianglikana lilelile la Crowther, 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na wengi walitoka kwenye ubatizo na majina ya Kiingereza.

Wapo waliogeuza njia. Mchungaji wa Kibaptisti wa Lagos aliyeitwa David Brown Vincent aliliweka jina hilo pembeni 1894 akawa Mojola Agbebi, akabaki mchungaji vilevile. Frances Abigail Thomas alirudi kutoka masomoni Uingereza miaka ya 1920 akaacha Frances na Abigail akabaki na Funmilayo, nipe furaha, huyo ndiye mama yake mwanamuziki Fela Kuti. Fela mwenyewe miaka ya 1970 akatoa Ransome iliyotoka kwa wamisheni akaweka Anikulapo, mwenye kifo mfukoni mwake. Alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kuzaliwa kabla, akapewa jina la mzungu, akalikataa akafa, akarudi mara ya pili. Amini usiamini, ila hiyo ni lugha ya abiku kabisa, mtu anaeleza siasa zake kwa kutumia kitu ambacho bibi yeyote wa Abeokuta, mji wa kwao, angekielewa.

Brazil walifanya jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nafurahi. Wayoruba waliopelekwa Bahia walibatizwa wote majina ya Kireno, ila ndani ya nyumba za ibada za Candomble, dini yenye asili ya Afrika, mtu akimaliza kuingizwa kwenye dini anapewa jina la Kiyoruba na kuna siku maalum analitaja kwa sauti mbele ya watu, wanaiita orunko, ni oruko ileile, jina. Utumwa ulikwisha huko 1888, orunko ipo mpaka leo. Hata Pierre Verger, mpiga picha Mfaransa aliyehamia Salvador, aliitwa Fatumbi kuanzia 1953, Ifa amenizaa upya.

Waislamu wa Kiyoruba wao walichukua njia nyingine, waliyachukua majina ya Kiarabu wakayapitisha kwenye midomo yao mpaka yakawa yao, Ibrahim akawa Buraimoh, Abdulhamid akawa Lamidi. Alaafin, yaani mfalme, wa Oyo aliyefariki 2022 baada ya zaidi ya miaka 50 kwenye kiti aliitwa Lamidi Olayiwola Adeyemi, Kiarabu mwanzoni, taji mwishoni. Wizkid ni Ayodeji Ibrahim Balogun, furaha imekuwa mbili, halafu nabii, halafu cheo cha jemadari wa vita. Hakuna kinachogombana humo.

Ndiyo maana siungi mkono hili wimbi la sasa la kung'oa. Kuna familia nyingi za walokole ambazo zimekaa chini zikaamua Ifa itoke, Ogun itoke, waingize Olu au Jesu, Fabunmi anakuwa Olubunmi au Jesubunmi, na wanaona wamesafisha nyumba. Naelewa wanachoogopa, mtu anaamini jina lina nguvu, wenyewe wanasema oruko n ro omo, jina humwandama mtoto, sasa mtu aliyeokoka hataki mwanae aandamwe na mungu wa babu. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Lakini Ogunleye kwenye karatasi la shule haimaanishi mtoto anachinja mbwa kwa Ogun, inamaanisha babu wa babu alikuwa mtu wa chuma, alifua majembe na mishale, alikuwa wapi, aliishi na nani. Ukiitoa hiyo ukaweka Olu umepata jina ambalo linafanana na la jirani, na la jirani wa jirani, na baada ya vizazi viwili mtaa mzima unamshukuru Mungu kwa sentensi ileile na hakuna anayejua nani alikuwa mpiga ngoma, nani mganguzi, nani mchongaji. Na sio miungu tu inayotoka. Malomo na Kashimawo watoto wanapona siku hizi, tushukuru, hayo yaishe yenyewe. Ila Abiona, Abidemi, Abayomi, yale majina ya habari, naona nayo yanayapisha marefu mapya ya shukrani, na shukrani ni nzuri ila ni aina moja tu ya maneno ambayo nyumba inaweza kusema.

Wakristo wa kwanza wa huko walikuwa wagumu kuliko hawa wa leo, na hawakuona shida. Baba yake mwandishi Wole Soyinka alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Kianglikana Abeokuta, anaishi ndani ya uwanja wa misheni, na jina la ukoo likabaki Soyinka, wachawi wamenizunguka. Obafemi Awolowo alizaliwa Ikenne 1909, akabatizwa Jeremiah, Mmethodisti, kiongozi wa jimbo la Magharibi lililoanzisha elimu ya msingi bure 1955, na Awolowo ni jina linalosema awo ina heshima, awo yenyewe ikiwa ni siri za waganguzi na watu wa Ifa. Hakulibadilisha. Wafuasi wake walilifupisha wakabaki na kile kipande cha mwanzo ambacho mlokole wa leo angekitoa kwanza, na mpaka sasa magharibi mwa Nigeria ukisema Awo hakuna anayeuliza unamsema nani.